Mabakuli makavu ya kukojolea kwenye choo cha stendi: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kinatoka kwenye choo cha kulipia katika stendi ya mabasi ya mji mmoja wa Tanzania bara, upande wa nchi ambako mvua ni chache na maji ya visima yana chumvi. Nilikuwemo tangu siku ya kwanza kama mshauri wa mabomba na usafi, kwa hiyo baadhi ya maamuzi ninayoyachambua hapa yana saini yangu. Jina la mji, mwaka, majina ya watu na ya aliyetuuzia vifaa nimeyaondoa. Nakiandika kwa ajili ya maafisa afya, mafundi bomba na wanaoendesha vyoo vya umma, maana kila mwaka nasikia halmashauri nyingine imeonyeshwa kijitabu chenye picha za mabakuli haya yasiyotumia maji na inataka kuyanunua.

Usuli

Upande wa wanaume ulikuwa na matundu manne ya kuchuchumaa na karo moja refu la kukojolea, lile la mtindo wa zamani: ukuta wa vigae, mfereji chini yake, na juu bomba lenye vitundu vya kuchuruzisha maji. Mlangoni anakaa mtoza fedha na kisanduku chake na karatasi zilizokunjwa. Unalipa shilingi 200, unaingia. Halmashauri imemkodisha mzabuni, naye analipa kiasi kilekile kila mwezi, wateja wawe wengi au wachache. Maji, dawa, mishahara ya wahudumu na gari la kunyonya majitaka ni juu yake.

Maji ya mamlaka hutoka kwa mgao. Siku ambazo si za mgao mzabuni hununua boza na kujaza matangi mawili nyuma ya jengo. Bomba la lile karo lilikuwa adui yake mkubwa. Likifunguliwa asubuhi lilichuruzika hadi usiku, mtu awepo asiwepo. Likifungwa, haikupita saa mbili harufu ikawa imevuka ukuta na kufika kwa mama lishe wanaopika upande wa pili. Kila siku mzabuni alikuwa anachagua kati ya kupoteza fedha na kupoteza wateja, na aliponiita alikuwa amechoka kuchagua.

Afisa afya wa halmashauri naye alikuwa na lake. Alikwisha kumwandikia mzabuni onyo mara mbili kuhusu harufu. Alitaka suluhisho litakaloonekana, na alitaka lipatikane kabla ya msimu wa safari za mwisho wa mwaka, stendi inapofurika.

Jinsi vifaa vyenyewe vinavyofanya kazi

Bakuli la kawaida la kukojolea lina kona ya bomba chini yake inayoshika maji. Maji hayo ndiyo mlango: majitaka yanapita, hewa ya bomba haipandi. Kila anayevuta maji anaufanya mlango huo upya. Bakuli kavu linaondoa maji na kuweka kitu kingine mahali pake.

Aina ya kwanza ina kopo la plastiki, katriji, ndani yake kimiminika chepesi kuliko mkojo. Mkojo unazama chini yake na kutoka, kimiminika kinabaki juu kama mafuta juu ya mchuzi na kuzuia harufu. Kimiminika hupungua kidogo kidogo, na katriji hujaa ukoko, hivyo lazima ibadilishwe. Aina ya pili ina ulimi wa mpira au silikoni, bapa kama mdomo wa bata: uzito wa mkojo unaufungua, mkojo ukiisha unajifunga. Ulimi hauna kimiminika cha kuongeza, ila unyoya mmoja au kipande cha jojo kikikwama katikati, haufungi tena.

Mvuto wa kifaa hiki ni wa kweli na sitaki mtu asome kisa hiki akadhani nauponda. Marekani, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1994 iliweka kikomo cha lita 3.8 kwa kila mvuto wa bakuli la kukojolea, na ya zamani yalikuwa yanakula zaidi. Chukua hizo lita 3.8, chukua wanaume 500 kwa siku: ni lita 1,900, yaani madumu 95. Kwa mtu anayenunua maji kwa boza, hizo ni fedha za kuonekana kwa macho. Hakuna koki ya kuvunjika wala tangi la juu la kuvuja, na hakuna mpini wa kushikwa na kila mkono uliotoka kushika kisichosemwa. Na mkojo mbichi usipokutana na chochote hauna harufu kali. Hilo la mwisho watu hawaliamini mpaka walione.

Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Tuliamua kuvunja lile karo na kuweka mabakuli makavu sita. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa kwenye mambo manne yaliyofuata, nami nayaeleza na sababu zake kwa sababu wakati ule kila moja lilionekana la busara.

Tulichagua aina ya katriji. Mwuzaji alikuwa nayo tayari, alitoa katriji za akiba pamoja na mabakuli, na mfano wake tuliouona kwenye hoteli moja ulikuwa safi kabisa. Hatukujiuliza hoteli ile ina watumiaji wangapi kwa siku, na kwamba kila aliyeingia mle alikuwa mgeni aliyelala pale.

Tuliacha bomba la zamani la chini ya sakafu. Lilikuwa la plastiki, halikuwa limeoza, na vigae vya sakafu vilikuwa vimewekwa mwaka mmoja kabla. Kupasua sakafu kungeongeza gharama na kufunga choo kwa wiki nzima. Mteremko wake ulikuwa mdogo na lilikuwa na kona mbili kabla ya kufika kwenye chemba. Niliona hilo. Nikajiambia kwamba kama lilipitisha maji ya karo kwa miaka mingi, litapitisha mkojo peke yake, ambao ni mchache zaidi. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kisa chote, nitalirudia huko mbele.

Tulikata maji na kuziba bomba la ukutani kwa kizibo na plasta. Mzabuni ndiye aliyetaka hivyo. Alihofia kwamba likibaki koki lolote, wahudumu watalifungua na tutarudi kulekule.

La nne lilikuwa mafunzo. Mwuzaji alikuja asubuhi moja, akamwonyesha msimamizi na wahudumu wawili wa zamu ya mchana jinsi ya kufuta bakuli kwa kitambaa na dawa ya kupuliza, na jinsi ya kubadilisha katriji kwa ufunguo wake. Wahudumu wa usiku hawakuwepo. Walikuwa wamelala, kama inavyostahili.

Mlolongo wa matukio

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko tulivyoahidi. Harufu ilipungua mpaka mama lishe mmoja akamwuliza mtoza fedha kama choo kimefungwa. Boza lililokuwa likija mara tatu kwa wiki likaja mara mbili. Afisa afya akaleta wageni kutoka halmashauri ya jirani kuja kuona.

Dalili ya kwanza haikutoka kwenye mabakuli. Mtoza fedha, mama mtulivu aliyekaa mlango ule kwa miaka, ndiye aliyemwambia msimamizi kwamba foleni ya matundu ya kuchuchumaa imekuwa ndefu. Wanaume walikuwa wanaingia, wanayaangalia mabakuli, wanaona hakuna maji, wanajipanga kwenye milango. Kwa Mwislamu mkojo ni najisi, nguo yenye matone haiswaliwi, na mtu aliyesafiri usiku kucha anataka kuteremka, ajisafishe, awahi swala ya alfajiri kwenye msikiti wa jirani. Choo kisicho na maji ya kustanji kwake hakijakamilika. Wapo pia wasio Waislamu waliolelewa hivyohivyo. Wazee wengi hawataki kukojoa wamesimama kabisa. Wote hawa walihamia kwenye matundu, na kila tundu linamwagiwa kopo mbili tatu za maji. Sehemu ya maji tuliyookoa kwenye ukuta mmoja ilikuwa inatoka kwenye ukuta wa pili.

Wengine hawakuhama. Walichukua kopo la maji kwenye ndoo ya matundu, wakaja nalo bakulini, wakakojoa, wakastanji, na maji yaliyobaki wakayamwaga palepale. Ni uungwana, mtu anasafisha anapotoka. Lakini kila kopo lililomwagwa kwa nguvu liliondoka na kimiminika kidogo cha katriji.

Kisha ikaja ndoo ya mopu. Chumba cha wanaume hakikuwa na karo la kumwagia maji machafu. Zamani wahudumu walimwaga kwenye mfereji wa karo la kukojolea, na karo lilipoondoka desturi ilibaki. Mhudumu wa usiku, ambaye hakuna mtu aliyemwambia lolote, alipiga deki kwa sabuni ya unga na dawa ya klorini, akainua ndoo, akaimwaga kwenye bakuli lililokuwa karibu na mlango. Sabuni inavunja kimiminika, na maji ya ndoo nzima yanakisukuma chote kwenye bomba. Asubuhi yake bakuli lile lilikuwa shimo wazi la majitaka. Wahudumu wa mchana walisikia harufu, wakafanya kile ambacho mhudumu yeyote mwenye bidii hufanya akisikia harufu: wakaongeza klorini.

Hapa msomaji asimame kidogo. Klorini ikikutana na mkojo uliokaa, wenye amonia, hutoa gesi inayochoma macho na kifua. Mhudumu mmoja alitoka nje anakohoa na machozi yanamtiririka, akakaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Alipona. Lakini alipokuja kueleza, alisema hali kama ile ilikwisha kumtokea mara nyingi, kwa udogo, tangu enzi za karo la zamani, na alidhani ndivyo dawa ilivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vitu hivyo viwili havichanganywi.

Ndani ya miezi mitatu katriji za akiba zikaisha. Tulizipigia hesabu kwa kufuata kijitabu cha mwuzaji, na kijitabu hakikuhesabu ndoo za mopu. Nyingine zilipaswa kuagizwa nje ya nchi. Mzabuni alipoona bei na siku za kusubiri, aliacha katriji zilizoziba mahali pake na kuongeza mafuta ya kupikia juu. Si wazo la kijinga, mafuta ya kula yanaelea kama kile kimiminika, na kwa siku chache harufu ilipungua. Yakachacha. Sasa kulikuwa na harufu mbili.

Mwisho wa mwezi wa tano tangu tuanze, mabakuli mawili ya mwisho wa safu yakaanza kujaa. Mkojo haukushuka. Fundi bomba alipitisha waya, ukagota. Akafungua kwenye kona ya kwanza, akatoa kipande cha bomba ambacho tundu lake lilikuwa limebaki upana wa kidole. Pembeni kote kulikuwa na jiwe la rangi ya maziwa na manjano, gumu, lenye matabaka kama pete za mti. Alikiweka mezani mbele ya afisa afya na mzabuni, na mimi nikiwepo. Kwa muda hakuna aliyesema.

Uamuzi wa pili

Tulikuwa na njia tatu. Kurudi kwenye karo la kuchuruzisha, kurekebisha kilichopo, au kuyaondoa mabakuli makavu na kuweka ya kuvuta maji kidogo. Siku hizi yapo mabakuli yanayotumia nusu lita tu kwa mvuto, na kwa haki ya mjadala yalipaswa kuwa mezani tangu mwanzo. Hayakuwepo kwa sababu neno "bila maji" lilikuwa limeshatushika.

Mzabuni alitaka yote yaondoke. Afisa afya, aliyeshaleta wageni, alitaka yote yabaki. Tulikubaliana kugawa. Mabakuli matatu yalibaki makavu, lakini kwa ulimi wa mpira badala ya katriji, kwa sababu ulimi unavumilia maji ya kustanji na hata ndoo ya bahati mbaya: maji yanapita, unajifunga tena. Matatu mengine yalifungwa koki ya kusukuma inayojifunga yenyewe, yenye maji kidogo. Kwenye ukuta kati ya makundi hayo mawili tukaweka bomba moja la chini na makopo, na sehemu ndogo yenye pazia la zege ambapo mtu anaweza kustanji bila kuonekana.

Sakafu ilipasuliwa, kama ilivyopaswa kupasuliwa mara ya kwanza. Bomba jipya la plastiki, pana zaidi, likanyooka moja kwa moja hadi chemba, mteremko sentimita 2 au zaidi kwa kila mita, na mdomo wa kufungulia mwanzoni mwake ili waya upite bila kuvunja chochote. Plasta tuliyoziba nayo bomba la maji ilivunjwa pia.

Mkataba wa mzabuni uliongezwa ukurasa mmoja. Ndimi za akiba zinanunuliwa na halmashauri na kukaa kwa afisa afya, si kwa mzabuni, kwa sababu mwenye kupata faida kwa kuchelewesha hapaswi kushika kabati. Na wahudumu wote, wa usiku wakiwa wa kwanza, walikaa chini na fundi bomba kwa nusu siku, kile kipande cha bomba kikiwa mezani.

Matokeo

Nilirudi baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Harufu ilikuwepo kidogo asubuhi, ikaondoka baada ya usafi wa kwanza. Mama lishe walikuwa wamesogeza meza zao karibu na ukuta, na hicho ni kipimo ninachokiamini kuliko fomu. Matumizi ya maji yalikuwa chini ya enzi za karo, lakini si kwa kiwango kilichokuwa kwenye kijitabu, wala hayakukaribia. Mabakuli matatu ya kusukuma ndiyo yanayopendwa zaidi, makavu hutumika foleni ikiwa ndefu. Ulimi mmoja ulikuwa umeshabadilishwa kwa sababu ya kichungi cha sigara. Bomba lilifunguliwa mbele yangu: ukoko mwembamba, unaotoka kwa brashi.

Mzabuni alinihesabia fedha. Ukijumlisha ununuzi wa kwanza, katriji, kupasua sakafu na siku choo kilipofungwa, faida ya maji ilikuwa bado haijaufidia mradi. Alisema kama tungeanza na tulichomalizia, ingekuwa imeshafidia. Nakubaliana naye.

Uchambuzi

Kwa nini jiwe lilikuwa gumu kiasi kile

Ndani ya mkojo kuna urea. Bakteria wa kwenye bomba wanaigeuza kuwa amonia, na mkojo uliokuwa na tindikali kidogo, pH karibu 6, unapanda hadi karibu 9. Katika hali hiyo magnesi, amonia na fosfati vinaungana na kuganda kuwa jiwe linaloitwa struvaiti, na kalsi nayo inaganda na fosfati. Katika karo la zamani maji mengi yaliusukuma mkojo hadi chemba kabla haujapata muda huo. Bomba letu lenye kona mbili na mteremko mdogo liliupa muda wote uliohitaji. Mimi nilihesabu ujazo na kusahau mwendo. Mkojo mchache unaotembea polepole ni mbaya kwa bomba kuliko mkojo mwingi unaotembea na maji.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalijui, nami nililijua vitabuni tu kabla ya pale. Maji ya visima vya eneo lile ni magumu, yana kalsi na magnesi nyingi. Kikombe kimoja cha maji hayo juu ya mkojo hakisafishi bomba, kinaleta malighafi zaidi za jiwe. Kwa hiyo hali mbaya kabisa ni ile tuliyokuwa nayo: si kavu kabisa, si yenye maji ya kutosha, bali matone ya kustanji na masalia ya ndoo kutwa kucha. Suuza ya bomba ikifanywa ifanywe kwa ndoo nzima ya lita 20, kwa mkupuo, mara moja au mbili kwa wiki, baada ya zamu yenye watu wengi. Ukoko ukianza, siki au asidi ya limau ya unga inauyeyusha. Asidi nayo kamwe isikutane na klorini, hapo inatoka gesi ya klorini yenyewe.

Waliotutangulia

Hatukuwa wa kwanza kujikwaa hapa; Marekani walitutangulia. Chicago, jengo la City Hall, yaani ofisi za jiji, liliyaondoa mabakuli yake makavu mwaka 2010 baada ya mabomba ya shaba kuliwa na mkojo usiochanganywa na maji. Amonia na shaba havipatani, na yeyote mwenye jengo lenye mabomba ya shaba au ya chuma asijaribu bila kuyabadilisha. Sacramento, makao makuu ya wakala wa mazingira wa jimbo la California, watu ambao kazi yao ni kutetea uhifadhi, nao waliyang'oa baada ya malalamiko ya harufu na mikojo kurushika sakafuni. Philadelphia mwaka 2006 kulikuwa na ugomvi kuhusu jengo refu lililokuwa linajengwa, Comcast Center, lililopangiwa mabakuli makavu 116. Chama cha mafundi bomba kilipinga. Mwisho wake waliafikiana kwamba mabakuli makavu yawekwe, lakini mabomba ya maji yapitishwe ukutani vilevile. Wakati ule wengi waliona ni ulaji wa mafundi kulinda kazi zao, na pengine sehemu yake ilikuwa hivyo. Lakini mimi niliyesimama kuangalia plasta yetu ikivunjwa kwa nyundo nasema bomba la maji nyuma ya bakuli kavu ni bima nzuri. Liwekwe, lifungwe kwa koki iliyo ndani ya kisanduku chenye ufunguo, lisizibwe.

Kilichofaa

Kugawa mabakuli kulifaa kuliko nilivyotegemea. Watumiaji wa choo cha stendi si kundi moja, na kifaa kimoja kwa wote kilikuwa kinawaambia nusu yao wajipange kwenda kwingine. Kuhamisha akiba ya vipuri kutoka kwa mzabuni kulifaa. Kipande cha bomba mezani kilifundisha kuliko maelezo yote ya mwuzaji. Wahudumu walikishika, wakakigeuza, mmoja akaomba kukiweka kwenye kabati la vifaa ili awaonyeshe wapya. Kiko pale hadi leo.

Kilichoshindikana

Maji kwenye bakuli la kawaida yanafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: yanasukuma, yanachanganya, yanaziba harufu, yanasuuza ukuta wa bakuli. Ukiyaondoa, kazi hizo hazifi. Zinahamia kwenye mkono wa mhudumu, ambaye sasa lazima afute kila bakuli kwa kitambaa, ajue dawa gani haigusi kifaa gani, abadilishe kipuri kwa wakati. Sisi tulihamisha kazi hiyo na hatukuihesabu. Mshahara haukuongezeka, hata muda wa zamu ulibaki uleule, na mafunzo yalifika nusu ya wafanyakazi. Katika bajeti yote ya kwanza, yenye kurasa nne, neno "mhudumu" halikuwemo. Niliipitia mwenyewe.

Wazo la kuuza mkojo kama mbolea pia lilishindikana, na nilitaje kwa kuwa litatajwa tena kwenye kila mradi wa namna hii. Kikundi cha wakulima wa mboga kiliomba mkojo wa wiki za mwanzo. Matumizi yake shambani si uzushi, naitrojeni nyingi ya mwili wa binadamu hutoka kwa mkojo. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka mkojo wa watu wengi uhifadhiwe angalau miezi 6 kabla ya kutumika kwenye mazao ya kila aina. Miezi 6 ya mkojo wa stendi ni matangi ambayo hayakuwa na mahali pa kukaa wala gari la kuyabeba. Wakulima walipoona klorini na sabuni zimeingia, waliacha wenyewe.

Na kuna upande wa wanawake. Mradi mzima, fedha zote, mikutano yote, ulikuwa wa ukuta mmoja upande wa wanaume. Mwanamke analipa shilingi 200 ileile, anasimama foleni ndefu zaidi, anatumia tundu linalomwagiwa maji kila mara kwa sababu hana njia nyingine. Mtoza fedha alilisema hili kwenye kikao cha pili na likaandikwa kwenye muhtasari. Tungetumia fedha za katriji zilizoharibika kuongeza matundu mawili upande wao, foleni ingekuwa imepungua tangu mwaka ule. Hadi nilipoondoka ombi hilo lilikuwa mezani kwa mkurugenzi.

Karo la mopu

Siku ya mafunzo ya pili nilimwuliza yule mhudumu wa usiku kwa nini alichagua bakuli la karibu na mlango. Alinijibu bila kinyongo: ndoo ni nzito, shikamoo za abiria ni nyingi, chemba ya nje iko gizani na ina mfuniko wa zege unaohitaji watu wawili. "Mngenipa pa kumwaga, bosi, ningemwaga." Tulimjengea karo dogo la sakafuni kwenye kona ya stoo, lenye chujio na bomba lake hadi chemba. Lilichukua fundi mmoja, siku mbili na mifuko miwili ya saruji.

Nilipolikagua safari ya mwisho, vigae vyake vilikuwa vimechakaa kuliko kitu kingine chochote ndani ya choo kile. Ndimi tatu za mpira juu ya ukuta wa pili zilikuwa safi.